Ripoti ya Maji Yetu

Mama alikipenda kile kisima cha serikali kuliko alivyotupenda sisi watoto wake, na simlaumu. Maisha yake yote alikuwa amebeba maji mgongoni kutoka mtoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso. Kisima kilipochimbwa karibu na kwake, kule Ishiara, aliketi chini akacheka peke yake.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua, yeye na majirani kadhaa. Maafisa wakaja na chupa zao, wakachukua maji ya kupimwa, wakaenda zao. Kimya.

Mimi nina duka la nguo huku Manyatta, na redioni nilikuwa nimesikia kwamba sheria inampa raia haki ya kuona rekodi za serikali bila hata kueleza sababu. Nikaenda Embu mjini kuomba ripoti ya maji yale. Karani alinitazama kuanzia viatuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

"Unaitaka kama nani?"

"Kama mtu ambaye mamake anayanywa hayo maji."

"Madam, hiyo ni siri ya ofisi. Andika barua, utaitwa."

Nikaandika, nikaitaja sheria yenyewe, nikaweka na namba ya simu. Sikuitwa. Muda wa kujibiwa ulipopita nilirudi, nikaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Nami, mjinga wa watu, nikaketi kumngoja.

Kumbe barua yangu ilikuwa inatembea. Ripoti yao ilikuwa siri, lakini jina langu lilikuwa likitajwa buchani, kanisani na kwenye foleni ya maji kule nyumbani. Mjomba alinipigia simu akifoka.

"Kwani umeshtaki serikali? Wewe uko na maji kwa nyumba, sasa unataka sisi tufungiwe hii yetu?"

Nilikasirika. Si kwa sababu ya mjomba. Ni kwa sababu ya huyo karani aliyeipokea barua yangu akinitabasamia, kisha akaenda kuniuza.

Haukupita muda, kisima kikafungwa kwa mnyororo na kufuli. Hakuna tangazo lililobandikwa. Chifu aliwaambia watu kwamba ni amri kutoka juu, kwa sababu kuna mtu analalamika. Hakusema maji ni mabaya. Wala hakusema ni mazuri.

Jumapili nilishuka Ishiara. Mama alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka mtoni, ameketi mlangoni, pumzi hazimtoshi. Jirani aliyekuwa akimletea maziwa kila asubuhi alipita barabarani bila kutusalimu. Nilitarajia mama anitukane, na ingekuwa afadhali.

"Mwanangu, wewe umesoma, na umefika hadi ofisini kwao," aliniambia kwa Kimbeere, taratibu. "Hebu niambie basi. Nilikuwa nikinywa nini?"