Kunguru wa Mama Mkwe

Jumapili, katikati ya Aprili. Rasharasha tangu asubuhi, jua likachungulia kidogo, kisha rasharasha tena.

Mimi si mjuzi wa ndege. Shule niliacha mapema, na katika chama chetu cha watazama ndege hapa Wembley wenzangu wana darubini nzito na majina ya Kilatini. Mimi nina dirisha la jikoni. Lakini nilipowaambia kwamba ndege wawili wametaga kwenye miti ya uzio nyuma ya nyumba yetu, mwenyekiti, bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa mwalimu, akasema Jumapili atapita kuwaona. Hakuna mwanachama aliyewahi kuja kwangu. Nilifurahi, nikaogopa.

Alkhamisi nikasikia vishindo uani. Mama mkwe wangu kashika fagio, anamkimbiza dume, ambaye ni mweusi tii.

"Toka! Mwizi mkubwa we! Kunguru mpaka Ulaya!"

Dume akarukia paani. Jike, mwenye rangi ya udongo, akachomoka kwenye uzio akaenda zake.

Nataka kusema haki: mama alikuwa na sababu. Sisi tulipoondoka Unguja baada ya Mapinduzi yeye alibaki, na mwaka huu ndio mwanawe kaweza kumleta. Miaka yote hiyo alifuga kuku, na kunguru wakimlia vifaranga huku anawaona. Hapa naye kaona ndege mweusi, afanye nini?

Mume wangu alicheka. "Mama, watu wa ndege watakushitaki."

"Waje. Fagio ninalo."

Mama mkwe humkosoi mbele ya mwanawe. Tena kulikuwa na jambo jingine. Tangu aje, mama hajapenda kitu hapa, si chai, si kitanda, si jua lenyewe. Kapenda kimoja tu, ndege anayeimba alfajiri. Akimaliza kusali hubaki kwenye msala anamsikiliza. "Huyu ndiye jirani pekee anayenisalimia," huniambia. Na ndiye huyo huyo aliyemtimua bila kujua.

Niliogopa jike asirudi, mayai yakapoa. Niliogopa vilevile kumtia mama haya. Sijui lipi nililiogopa zaidi.

Ijumaa, baada ya sala, nikathubutu. "Mama, njoo umwone jirani yako."

Nikavuta pazia la jikoni. Kulikuwa kunapambazuka. Yuko juu ya kibanda cha majembe, mdomo wake wa rangi ya chungwa u wazi, koo linatetema. Mama alimtazama mpaka wimbo ukaisha.

"Kunguru wangu?"

"Ndiye, mama. Si kunguru, wamefanana rangi tu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nimwendee na fagio!" Akanipiga kikofi mkononi. Halafu, kwa sauti ndogo, "Yule wa udongo, mkewe?"

"Mkewe."

"Atarudi?"

"Sijui, mama."

Siku ile mama hakukanyaga uani, wala hakumruhusu mtu kwenda kuanika nguo. Jumamosi hivyo hivyo.

Leo mwenyekiti alikuja, viatu vimelowa. Tulisimama watatu dirishani. Muda ukapita, nikaanza kuona aibu. Mara dume akashuka na minyoo mdomoni, akaingia uzioni. Nyuma yake jike, naye na yake. Mwenyekiti akanong'ona kwamba makinda yameshaanguliwa. Nikamtafsiria mama.

Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwambie mlinzi wao ni mimi."

Nikamwambia, na yule bibi akampa mama mkono. Habari ya fagio sikuitaja. Sijui kama huo ni uongo. Nadhani kidogo ni uongo.

Jioni mama alipika mwenyewe, mara ya kwanza tangu aje. Tulikula mchuzi wa kuku na mkate wa kumimina. Zabibu kwenye mkate zilikuwa za kutafuta. Nyingine alikuwa keshaziloweka, ziko kwenye kisosi nje ya mlango, fungu la jirani yake.