Mabawa Yaliyopigwa Pasi

Clémence Maillefer alikuwa na ulimi mkali na mshono mzuri, na watu wa kitongoji cha Billancourt walimvumilia ulimi kwa sababu ya mshono. Alikuwa fundi wa maputo. Sisemi vile vibofu vya watoto vya kufungwa kwa uzi. Nasema maputo makubwa ya hariri na pamba, yale yanayojazwa gesi na kubeba watu wazima wenye kofia na chupa zao za mvinyo.

Kazi aliifundishwa na shangazi yake tangu ana miaka kumi na minne, na shangazi alifundisha kwa rula juu ya vifundo vya vidole. Kitambaa cha puto hakipitishi hata pumzi, kwa hiyo unashona mshono mara mbili, kisha unapaka mafuta ya mbegu za kitani tabaka tano, na hugusi la pili mpaka la kwanza limekauka. Tena hukati kwa kubana. Gesi inataka nafasi ya kutanuka. Ukiinyima inapasua mshono, na walio kwenye kikapu ndio watakaokuwa wa kwanza kujua. Kila kipande kiachiwe ulegevu wa upana wa kidole. "Acha kidole," shangazi alikuwa akisema, na rula inashuka. Clémence aliacha kidole miaka kumi na tisa. Puto likiisha kushonwa alilazimisha lijazwe upepo, akaingia ndani mwenyewe, akatafuta matundu ya sindano yanayopitisha mwanga. Hakuwahi kukuta zaidi ya matatu.

Basi alipotokea Bwana Anselme Roubichon, mtoto wa mwenye kiwanda cha vitanda, akakodi nusu ya banda la mafundi wa maputo na kusema anataka kutengeneza ndege ya injini, mabawa yake yangeshonwa na nani kama si Clémence? Alishona. Alipaka mafuta tabaka tano. Aliyaangalia yaking'aa manjano kama ngozi ya jibini, akaridhika, akayakabidhi, akarudi kwenye cherehani yake kwa mwendo wa mtu aliyemaliza upande wake.

Ndege ikakataa kupaa. Kila asubuhi waliivusha mto mpaka uwanja wa gwaride wa Issy, kwa kuwa jeshi lilimruhusu Roubichon kuutumia kuanzia alfajiri hadi saa mbili, kabla ya askari kuja kufanya kwata. Ilinguruma, ikakimbia, ikadunda mara mbili tatu kama kuku mwenye mayai, ikakaa. Lawama zote zikaenda kwa injini, na kwa hiyo zikamwendea Firmin Lescale, fundi wa injini, mtu mpole wa kusini mwenye masikio makubwa. Aliifungua yote na kuifunga mara nne. Clémence alimfanya kichekesho cha foleni ya mkate.

"Injini ya Firmin ina pumu," alikuwa akiwaambia wenzake. "Juzi imekohoa mpaka nikataka kuipelekea chai ya asali."

Maneno kama hayo hufika. Firmin aliyasikia, akainamisha kichwa, akaenda kuifungua injini mara ya tano.

Mwezi Mei ukaanza kwisha. Kanali akatuma neno kwamba Jumatatu wapanda farasi watarudi uwanjani na ruhusa imekoma. Mzee wa vitanda naye alikuwa amemwambia mwanawe mbele ya mafundi wote kwamba akishindwa mpaka siku hiyo, avue koti la mafuta, arudi kiwandani kama watu. Zilibaki siku nne.

Alhamisi ndege ikadunda vibaya na kuchanika bawa, ndipo Clémence akaitwa uwanjani na sindano yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kule. Alikaa juu ya sanduku, akaziba mpasuko kwa mishono midogo sana, akang'ata uzi, akasogea pembeni.

"Haya, ipeleke hiyo pumu yako," alimwambia Firmin.

Firmin alizungusha rafadha, lile pangaboi la puani mwa ndege, injini ikawaka, ndege ikamkimbilia Clémence na kumpita karibu. Clémence hakuwa akisikiliza injini. Macho yake, kama ya fundi yeyote, yalikuwa kwenye kitambaa. Aliona kila sehemu kati ya ubavu na ubavu, zile fito za ndani ya bawa, ikivimba kwa juu kama tumbo la mlevi, kisha ikanywea, kisha ikavimba tena, na ukingo wa nyuma wote ukipigapiga kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Akahesabu bila kutaka. Sehemu ishirini na mbili, na kila moja imeachwa kidole.

Gesi iliyohitaji nafasi ilikuwa wapi? Hapakuwa na gesi. Alikuwa ameishonea ndege nguo ya puto, tena akaivika mafuta tabaka tano yenye uzito wa mtoto wa shule, kuzuia hewa isiyokusudia kwenda popote.

Hakuna aliyejua. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo linalomfanya mwanamke huyu astahili kusimuliwa. Roubichon alikuwa ameshuka na kumwendea Firmin, uso umemwiva.

"Lescale, mimi nimechoka," alisema. "Leo mchana namtafuta fundi mwingine. Kusanya vyombo vyako."

Firmin alianza kukusanya vyombo. Aliinama kuokota spana. Clémence angeweza kufunga kikapu chake cha sindano na kuvuka daraja, na mpaka leo ingesemwa kwamba injini ndiyo iliyokuwa mbovu.

"Bwana Roubichon," alisema. "Muache. Si injini."

"Ni nini, basi?"

"Ni mimi."

Akawaeleza, na hakujipunguzia hata kidogo. Alichukua mkono wa Roubichon akaubonyeza kwenye bawa ili akisikie kitambaa kikizama. Roubichon alitazama lile bawa kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akilala na viatu.

"Na pumu je?" aliuliza Firmin taratibu.

"Pumu nilikusingizia, baba. Nisamehe."

"Kitambaa kipya unacho?" Roubichon aliuliza. "Utakibana vipi kibaki kimekaza, kwenye umande huu wa alfajiri?"

"Pamba ipo. Kwa kubana, namjua mtu," alisema Clémence, na sauti yake ikawa kama ya anayekwenda kung'olewa jino. "Jumamosi alfajiri mtakuwa na mabawa."

Mtu huyo alikuwa wifi yake. Honorine Maillefer, dada wa marehemu mumewe, alikuwa na nyumba ya udobi ukingoni mwa mto, na mashati ya kifua kigumu yaliyotoka kwake yaliweza kusimama yenyewe mezani. Wawili hao walikuwa hawasemezani. Siku ya harusi yake Clémence, akiwa na miaka ishirini na akili ya miaka kumi, alisema mbele ya wageni kwamba mikono ya magadi isiguse gauni lake. Tangu hapo waliamkiana misibani tu. Mafundi wa maputo waliwaona madobi kuwa watu wa chini, na Clémence alikuwa ameona hivyo kuliko wote.

Aliingia katikati ya mvuke. Wanawake kumi na wawili wakaacha kufua.

"Ala, kumbe kuna msiba," alisema Honorine. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, wifi. Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Wanga wako. Ule wa vifua vya mashati. Nimeharibu mabawa ya ndege, na sijui njia ya kuyakaza."

Honorine alijipangusa mikono polepole, akifaidi. "Sema kwa sauti, wifi. Hawa wa nyuma hawajasikia."

Clémence akarudia kwa sauti. Mmoja pale nyuma akacheka, na yeye akamwacha acheke. Nadhani ndipo Honorine alipolainika. Mtu aliyejiandaa kwa ugomvi miaka kumi na tatu hupata taabu akipewa ushindi bure.

"Hiyo ndege yako italowana umande?"

"Kila siku."

"Wanga mtupu utateleza kama uji. Mchele, boraksi kidogo, ile chumvi ya kufulia, na nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Shati la bwana arusi haliruhusiwi kunyong'onyea kabla ya keki." Akageuka. "Wasichana, nani anajua kupiga pasi na hana mume wa kumnung'unikia?"

Wakatoka sita, na wawili kati yao walikuwa na waume.

Siku ile na iliyofuata banda la maputo liligeuka udobi. Clémence aliyabandua mabawa yale ya manjano kwa mikono yake mwenyewe, akayatupa nje. Alikata pamba mpya bila kuacha kidole, na mara ya kwanza mkasi ulimkataa. Mkono ulisogea wenyewe kwenye alama ya zamani, akalazimika kuusukuma nyuma. Alivuta kitambaa juu ya mbavu mpaka kucha zikauma. Honorine alikuja nyuma yake na brashi na ndoo ya wanga moto, na madobi wakafuata na pasi zilizotoka jikoni, vibao vimeshikiliwa chini ya bawa, wakipiga pasi mabawa ya ndege kama wanavyopiga pasi mikono ya shati.

"Usikandamize, Honorine, utaniunguzia."

"Nilikuwa napiga pasi wewe ukiwa bado unajifunza kushika sindano. Sogea."

"Nasogea."

"Hiyo ndiyo mara ya kwanza nakuona unasogea."

Ijumaa jioni Clémence aligonga bawa kwa ukucha. Likalia kama ngoma. Wakayaweka kwenye mzani, na yalikuwa yamepungua kilo kumi na nne. Firmin, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, alikuja akagonga na yeye, akatabasamu mpaka masikio yakasogea.

Jumamosi uwanja ulikuwa na umande wa kulowesha viatu. Clémence alipitisha kiganja juu ya kitambaa mara tatu, akitafuta pale patakapolegea, hakupaona. Mzee wa vitanda alikuwa amekuja na gari lake, amekaa ndani bila kushuka. Alikuwepo pia mwandishi mmoja wa gazeti, kijana aliyekuwa akipiga miayo. Madobi saba walisimama kwa safu, aproni zao zikiwa bado zina wanga.

Firmin akazungusha rafadha. Roubichon akaiachia ndege ikakimbia, na Clémence akaanza kuhesabu mbavu kwa midomo bila sauti. Hakuna kilichovimba. Ukingo wa nyuma ulikaa umenyooka. Ndege ikadunda mara moja, na watu wote wakasubiri mdundo wa pili, wakausubiri, haukuja. Magurudumu yalikuwa yakizunguka hewani. Ilipanda ikafika urefu wa paa, kisha urefu wa miti ya mipopla kule mwisho wa uwanja, ikainama upande mmoja, ikageuka na kuwarudia.

Ikapita juu ya vichwa vyao. Clémence aliyaona mabawa yake kwa chini, jua changa likipenya kwenye pamba mpaka mbavu zote zikaonekana, na kitambaa kimekaza kila mahali. Aliyetazama matundu ya mwanga maisha yake yote hakuyatafuta. Alilia waziwazi, pua inatiririka, na hakujali nani anamwona.

Mzee wa vitanda alikuwa ameshuka garini na kuvua kofia.

Roubichon hakutua. Akaanza mzunguko mwingine, kisha mwingine, kama mtu aliyesahau njia ya nyumbani. Mwandishi, ambaye usingizi ulikuwa umemtoka wote, alimkimbilia Firmin na daftari.

"Fundi, umeifanyia nini injini?"

"Mimi sijagusa hata skrubu tangu Alhamisi," alisema Firmin. "Kamuulize yule mama."

Kijana akamwendea Clémence. "Jina lako, mama?"

Clémence alijipangusa uso. Wiki moja nyuma angelitamani sana swali hilo, na jina lake lilikuwa tayari mdomoni. Akamshika Honorine mkono akamvuta mbele ya daftari.

"Andika Honorine Maillefer," alisema. "Dobi."

Kwa mkono uliobaki huru Honorine alinyoosha aproni yake.

Kalamu ya kijana ilikuwa imesimama. "Dobi? Dobi ana uhusiano gani na ndege?"

"Inua macho."

Akainua. Ndege ilikuwa ikipita tena juu ya mipopla.

"Bila yeye ingekuwa iko pale chini kwenye majani, na wewe ungekuwa kitandani," alisema Clémence. "Andika dobi. Mimi utaniandika nikibakiziwa nafasi."

Akasimama pale, akichungulia juu ya bega lake, mpaka kijana alipomaliza kuandika.