Hina Mpya ya Jirani

Jirani yetu wa hapa mjini Hail ni mwanamke wa Kihindi, na kila nikimpelekea chochote hunikaribisha ndani. Siku ile nilimpelekea sahani ya mkate wa kumimina, akaipokea mlangoni, mikono yake imekolea hina mpya. Nikamwambia auonje ungali moto, akakataa. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Mama, ninayeishi naye, nilipomsimulia aliweka kikombe chini.

"Hina, na harusi hamna. Kula hataki. Mie nna wasiwasi na yule mumewe, asije akawa anamtesa."

Wasiwasi ukaniingia na mimi. Baada ya Isha tukapanda juu ya paa, eti kuanua nguo. Mwezi ulikuwa umetoka. Jirani alikuwa kwenye paa lao, amevaa sari nyekundu, akiutazama mwezi kupitia chekeche la unga. Kisha akamtazama mumewe vivyo hivyo, na mume akamnywesha maji.

Siku ya pili alirudisha sahani, ameijaza ladu, vitamu vya kwao. Akatueleza kwa Kiarabu kwamba wake wa kwao hufunga siku ile, bila hata maji, mpaka mwezi uonekane, kuwaombea waume zao umri mrefu.

"Na mumeo hakufungii?" mama akamuuliza.

"Mwaka huu kaniambia kafunga na mimi. Lakini shati lake la kazini la jana nimelifua asubuhi, nikaona doa la mchuzi."

Mama akasogea kwenye kochi. "Kaa, mwanangu. Doa la rangi gani?"