Mama alienda kuniombea msamaha kwa mchumba wangu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Babati na sijaongeza chumvi.

Nina miaka 28, fundi simu, naishi Bagara kwa mama. Mtoto wa pekee. Niliugua kichomi nikiwa na miaka minne, na kwa mama sijapona mpaka leo.

Juzi kati kwao Paskalina, mchumba wangu, walikuwa wanavuna mahindi Sigino. Niliahidi kwenda kusaidia, wajomba zake wanione kwa mara ya kwanza.

Asubuhi mama akachungulia nje, akasema baridi ile itanirudishia kifua. Nikavua viatu.

Kumwambia Paskalina ukweli niliona aibu. Nikazima simu, nikalala. Msinicheke, bado.

Kesho yake akaniandikia nimtafute nikishakua.

Nikasusa kula. Siku ya pili mama uvumilivu ukamshinda. Akabeba jogoo, huyo mpaka Maisaka anakopanga Paskalina, akamwomba msamaha kwa machozi. Akarudi amechangamka.

"Yameisha, mwanangu. Sasa kula."

Nikala, tena nikaongeza. Kisha nikampigia Paskalina kwa madaha.

"Mama nimemsamehe," akasema. "Wewe sijakusikia."

Wakuu, hapo ndipo nilipogundua sijawahi kuomba msamaha maishani. Nikimkosea jirani, mwalimu, hata padri, mama alishatangulia. Niliogopa kweli, maana huyu binti nampenda.

Nikaenda mwenyewe. Mama alitaka kunisindikiza, nikakataa. Akanipa sweta. Sweta nilivaa, sitawadanganya.

Nilifika maneno yote niliyopanga yamepotea. Nikamwambia, "Nilimsikiliza mama, halafu nikajificha. Nimekuaibisha mbele ya wajomba zako. Nisamehe."

Akasema atafikiria.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni, anataka kujua amesemaje. Nikamwambia hilo aniachie. Akaingia jikoni, na roho iliniuma sana.

Wiki ya pili hii, jibu bado. Nilichojifunza: ukibebewa kila kosa, unafika ukubwani hujui hata namna ya kulishika. Simlaumu mama, alinipenda kwa njia aliyoijua.

Mliolelewa kama mimi, mlijitoaje bila kumuumiza mzazi? Shusheni uzoefu, na matusi kidogo nayaruhusu.

Halafu jana mama alikutana na Paskalina sokoni. Wakasalimiana, mama akapita, hakumuuliza kitu. Alinisimulia mwenyewe, akasema ulimi ulimwasha njia nzima.