Tairi Halivuji, Linapumua

Duka lile la baiskeli lilikuwa na madirisha mawili. La mbele lilikuwa pana, la kioo, na nyuma yake walisimama wauzaji wenye ulimi laini, watu wa kukuuzia baiskeli ya kupandia milima hata kama mlima pekee unaoujua ni ngazi za kwenu. La nyuma lilikuwa dogo, la nondo, ubavuni mwa stoo, na juu yake palibandikwa neno moja tu: DHAMANA. Hapo ndipo alipoketi Mzee Pumzi.

Hakuzaliwa na jina hilo, wala hakulipenda, ingawa alijitafutia mwenyewe. Alianza pale dukani kama fundi, tena fundi hasa, mpaka siku mgongo ulipomgomea. Aliinama kukaza spoki akabaki vivyo hivyo, ikabidi wenzake wambebe kama kiti. Tajiri wake hakuwa mtu wa kutupa kitu ambacho bado kina matumizi, kwa hiyo akampa dirisha na mihuri miwili, mmoja wa kukubali na mmoja wa kukataa. "Wewe ni mtu mzima, wateja wanakuheshimu," alimwambia. "Kazi yako ni kuwasikiliza." Hakusema kazi ya kuwakubalia ilikuwa ya nani, na mzee, kwa kuwa si mjinga, hakuuliza.

Wakati huo ndipo yalipoingia yale matairi ya kisasa yasiyo na tyubu. Upepo unakaa moja kwa moja kati ya tairi na ringi, na ndani humiminwa dawa nyeupe ya majimaji, mfano wa maziwa, ambayo kazi yake ni kukimbilia kila tundu na kuliziba. "Sahau habari ya pancha," wauzaji wa dirisha la mbele waliwaambia wateja. Wateja wakasahau, wakalipa, wakaondoka wanapiga mluzi. Halafu wakarudi kwa dirisha la nyuma, wamenuna. Jioni umeegemeza baiskeli ukutani tairi likiwa gumu, asubuhi unalikuta limelala chini kama mlevi, na sakafu imechafuka dawa nyeupe.

Neno lenyewe lilimtoka kwa bahati, siku alipobanwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama mkali ambaye sauti yake ilikuwa imezoea kusikika mpaka dawati la mwisho.

"Tairi hili linavuja!" mwalimu alisema. "Linavuja, na wewe unalitazama!"

"Mwalimu," mzee akajibu, bila kujua atamalizia vipi, "tairi hili halivuji. Linapumua."

"Linapumua?"

"Kama wewe na mimi. Hili la kisasa halina tyubu, lazima lipumue. Wewe kila asubuhi liongezee upepo kidogo, kama unavyomjulia mtu hali. Tairi lisilopumua ndilo la kuogopa."

Mwalimu alifikiri, akalipapasa tairi lake kwa huruma, akashukuru, akaondoka. Hata salamu aliacha, za kufikishiwa mke wa mzee.

Tajiri aliposimuliwa alicheka mpaka akashikilia rafu. Wiki haikuisha, kibao kikatundikwa ukutani: MATAIRI YETU YANAPUMUA. Kwenye karatasi ya dhamana ikaongezwa sentensi kwamba kupumua kwa tairi si kasoro. Mzee akaletewa kiti chenye mto. Wateja wakaanza kumwita Mzee Pumzi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kumtupia.

Kulikuwa na beseni moja kubwa pale karakana, la kutumbukizia gurudumu ili kuona mapovu yanatokea wapi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshauri liondolewe. "Beseni halina adabu," alisema. "Linasema kila kitu mbele za watu." Wakalitoboa chini, wakalijaza udongo, wakapanda maua, wakaliweka karibu na dirisha lake. Yakastawi.

Tusimwonee. Ni kweli kila tairi la aina ile hupoteza upepo kidogo kidogo. Uongo wake ulikuwa na ukweli ndani yake, kiasi cha kumtosha mtu kulala usingizi. Lakini shehena ya magurudumu iliyoletwa mwisho ilikuwa na shida nyingine. Pale ncha mbili za ringi zinapokutana, kiungo hakikushikana vizuri, na kwenye ufa ule hakuna dawa ambayo ingefua dafu. Mzee aliupitisha ukucha hapo mara ya kwanza tu akajua. Akafuta ukucha kwa kitambaa, akagonga muhuri wa kukataa, akamwita mteja anayefuata.

Sasa, mzee huyu alikuwa na binti, kitindamimba, mfanyakazi wa maabara ya hospitali, ambaye kila mapumziko alikuwa milimani na baiskeli. Baba akamnunulia baiskeli mpya, na angeinunua wapi kama si dukani kwake? Haikupita muda binti akaja na gurudumu la nyuma mkononi, baba yuko sebuleni anavua viatu.

"Baba, hili linavuja."

Hapa ndipo mtu angetegemea kwamba damu ni nzito. Kumbe mazoea nayo si mepesi. Ulimi wa mzee ulishazoea njia moja, na ulipofunguka ukaifuata hiyo hiyo.

"Halivuji, mwanangu. Linapumua."

Wateja walimwamini kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Binti alimwamini kwa kuwa ni baba yake. Akawa analijaza upepo kila asubuhi kabla ya kutoka, hana wasiwasi, mpaka siku alipokuwa anateremka mlima kwa kasi, na kwenye kona ya mawe gurudumu la nyuma likamtoka kama sabuni. Simu ya mzee ililia akiwa kazini.

"Baba, usishtuke, niko hospitali, na safari hii si kazini," binti alisema. "Lile tairi lililokuwa linapumua limekata roho."

Mfupa wa bega ulivunjika. Mzee alimkuta amefungwa mkono kifuani, uso umechunika upande mmoja, na aliumia kuliko alivyoumia siku ya mgongo. Hapo hapo akaanza kuahidi. Atamletea gurudumu jingine, atamletea magurudumu mawili, atamletea baiskeli nzima.

"Sitaki unipe gurudumu," binti akasema. "Nataka ukaseme kwamba lile linavuja. Pale dirishani kwako, watu wakisikia."

"Mwanangu, pale ni kazini."

"Ndiyo maana. Mpaka utakaposema, baba, hata ukiniambia chai ina sukari, nitaonja kwanza."

Na kweli akaonja. Mzee akisema chai ina sukari, binti anachukua kijiko, anaonja, ndipo anashukuru. Mzee akisema mvua haitanyesha, binti anaondoka na mwavuli kwa ule mkono mmoja mzima. Mzee akisema ameshafunga mlango, anasikia ndala zinaburuzwa kwenda mlangoni, kitasa kinatikiswa, ndala zinarudi. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyenuna. Binti alimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyomchoma. Mtoto aliyemfundisha kutembea sasa alikuwa anahakiki kila neno lake.

Alijaribu njia ya mkato. Alichukua gurudumu zima stoo, akaliegemeza kimya kimya nje ya chumba cha binti. Alipotoka kuoga alilikuta limeegemezwa nje ya chumba chake. Siku nyingine akarudi kutoka kazini amechangamka kupita kiasi.

"Nimeshasema," akatangaza.

"Umesema nini?"

"Nimesema kwamba gurudumu lile lina... upungufu wa ustahimilivu wa upepo."

Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, hakuinua hata macho. "Baba watoto," alisema, "sisi hapa ndani si wateja."

Usiku huo mzee hakulala vizuri, ule ukweli wake wa kiasi haukumtosha tena. Kulipokucha akajikaza. Lakini kulikuwa na jambo moja, na alilijua kuliko wote kwa sababu sheria yenyewe aliitunga yeye: dhamana ni ya mnunuzi, si ya mtumiaji. Sheria hiyo ilikuwa imemsaidia kuwafukuza watoto wengi walioletewa baiskeli na wazazi wao. Mnunuzi wa gurudumu hili alikuwa yeye, na mtu hawezi kukaa pande zote mbili za nondo. Akamwomba keshia, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyemshikia dirisha kila alipokwenda kuchuliwa mgongo, amkalie kidogo. Kisha akatoka nje, akazunguka duka, akaenda kusimama mwisho wa foleni, gurudumu kwapani.

Watu walimtazama. Mwalimu mstaafu alikuwa mbele yake. "Na lako limeacha kupumua?" akamuuliza, kwa nia njema kabisa.

Zamu yake ilipofika, keshia alidhani ni mzaha, akauingia mzaha kwa furaha.

"Karibu, mteja. Tatizo nini?"

"Gurudumu hili," mzee akasema. "Tairi linapoteza upepo."

"Linapoteza, au linapumua?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Mama, nasema kweli."

"Kila mteja anasema kweli. Umelijaza upepo asubuhi? Umelijulia hali? Wengine mnayapanda kama punda, halafu mnakuja kulalamika." Yalikuwa maneno ya mzee mwenyewe, neno kwa neno, mpaka kile kikohozi kidogo katikati. Alikuwa amemfundisha vizuri. "Tairi hili halivuji, mzee wangu. Lina—"

Mzee alipandwa na hasira ambazo hakujua anazo. Kumbe ndivyo inavyokuwa huku upande wa pili! Unakuja na jambo lako unalolijua, mtu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na watu wanacheka. Akaliona beseni la maua. Akalikumbatia, mgongo ukamsuta, akaumwaga udongo pale pale sakafuni na maua yake, akalivuta mpaka chini ya bomba la karakana. Tundu la chini aliliziba kwa kisigino cha kiatu chake. Akajaza maji, akajaza upepo kwenye gurudumu, akalitumbukiza.

Hakuna aliyecheka tena. Maji yalitulia, halafu pale kwenye kiungo cha ringi mapovu yakaanza kupanda, moja nyuma ya jingine, bila haraka.

"Linavuja," mzee akasema.

"Sijasikia," alisema keshia, ingawa alisikia.

"Linavuja! Ringi haikuunganishwa vizuri. Na haya mengine ya shehena hii yanavuja vile vile, na nilijua tangu mwanzo. Yaliyomwangusha mwanangu ni haya, na maneno yangu."

Keshia alimtazama kupitia nondo. "Hayo unayasema kama mteja," akauliza polepole, "au kama mtu wa dhamana?"

"Kama mtu wa dhamana."

Keshia akavuta droo. Muhuri wa kukataa ulikuwa umelika mpaka mpini. Ule wa kukubali ilibidi autoe kwanza kwenye nailoni yake. Akaugonga kwa nguvu, akaenda stoo, akarudi na gurudumu la shehena ya zamani, akampa. Mwalimu mstaafu, ambaye lake lilikuwa limekataliwa dakika chache kabla, akarudi dirishani na baiskeli nzima.

"Na langu liingie majini," alisema, kwa ile sauti ya dawati la mwisho.

Tajiri alipofika alikuta foleni imetoka nje ya mlango, sakafu ni tope, na mtu wake wa dhamana amesimama ndani ya beseni kwa kisigino kimoja. Hakupiga kelele, kupiga kelele si tabia ya watu wa aina yake. Alimshika mzee bega, akamtoa pembeni, akamsemesha kama mgonjwa.

"Mzee wangu, umechoka. Mgongo, na sasa mtoto kaumia. Hatukufukuzi, usije ukanielewa vibaya. Nenda tu nyumbani ukapumue."

"Nitarudi lini?"

"Wewe pumua kwanza."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alilijua lile neno, ni yeye aliyelizaa.

Nyumbani alimkuta binti kibarazani, mkono kifuani, baiskeli imepinduliwa miguu juu mbele yake. Mzee aliliweka gurudumu jipya sakafuni, akabaki amesimama, kiatu kimoja kikilia maji.

"Umesema?" binti akauliza.

"Nimesema. Linavuja. Hata viziwi wamesikia."

Binti alikitazama kile kiatu, akamtazama na uso. "Na wao wamesemaje?"

"Wamesema hawakunifukuza. Nije nyumbani nipu—" Akavua kile kiatu, akamimina maji uani, akakiweka chini. "Nimefukuzwa kazi, mwanangu."

Binti hakuuliza mara ya pili, wala hakumtazama machoni kuhakiki. Alisogea kumpisha nafasi kwenye benchi.

"Basi kaa, baba, unishikie gurudumu," alisema. "Mimi kwa mkono mmoja siwezi."