Mama Alipokuwa Mtu wa Sauti

Mara ya kwanza nilipomwekea cucu kamera, aliokoka upya. Cucu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Nilikuwa nimemkalisha kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba yake huku Kibugu, mlima ukionekana wote nyuma yake, jambo ambalo si la kila siku. Nikamwuliza swali moja tu: walipochimba mtaro wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, ilikuwaje? Akarekebisha kitambaa cha kichwa, akakohoa, akasema, "Bwana asifiwe." Kisha akatoa ushuhuda wa dakika arobaini. Alimsalimu mchungaji, akawasalimu kina mama wa kanisa, akaeleza jinsi Yesu alivyomkuta akipika pombe ya miwa, na mwisho akaniombea nipate mume. Mtaro hakuutaja hata kidogo.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ninaishi kwa harusi na mazishi. Nina kiofisi Embu mjini, kamera mbili na droni moja iliyowahi kuangukia keki ya watu. Nimepiga picha za mazishi kuanzia huku kwetu hadi Kianjai, na nimewahi kupanda mpaka Timau kupiga harusi kwenye baridi ambayo bwana harusi aliivalia sweta mbili ndani ya suti. Kwa hiyo ningepaswa kujua. Huku kwetu mzee akiona kamera na kipaza sauti, anajua yuko kanisani au yuko matangani, na anasema yanayosemwa huko. Nami nilikuwa nimemvalisha kitambaa cheupe na kumwambia akae wima. Nilitaka akumbuke nini?

Filamu ile nilikuwa nimeitamani kwa miaka mingi. Ukipita mashamba ya chai ukaelekea msituni, kuna mahali ardhi inabonyea kwa urefu mrefu, pameota magugu, na mitamba ya watu hushuka humo kula. Mgeni hawezi kudhani ni kitu. Huo ndio mtaro. Serikali ya wakoloni iliwatoa wanawake kila asubuhi kutoka vijiji vilivyozungushiwa ua, ikawalazimisha kuuchimba ili waliokuwa msituni wakipigania nchi wasifikiwe na chakula. Waliochimba ni nyanya zetu, kwa majembe yao wenyewe. Shuleni hatukufundishwa habari zao. Na kila mara nilipoitwa kupiga picha mazishi ya mmoja wao, nilisikiliza wasifu ukisomwa: alizaliwa, akaolewa, akabarikiwa na watoto, akaokoka, akalala. Wasifu uliruka mtaro kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vya Jumapili. Mimi nina hasira za karibu, na jambo hilo lilinikasirisha kupita kiasi. Cucu alikuwa amekaribia miaka tisini, na wenzake niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mama ndiye aliyenipa dawa. Alikuwa ametazama ushuhuda wote kutoka mlangoni, ameziba mdomo kwa leso asicheke.

"Huyo hajui kuongea akiwa amekaa," akaniambia. "Mpe kazi ya mkono."

Basi tukaingia kwenye chai. Cucu alikuwa bado anachuma kidogo asubuhi, si kwa lazima, ila kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuianza siku. Nikambania maikrofoni ndogo ndani ya shali, ile isiyo na waya, nikaanza kumfuata polepole na kamera. Mtu wa sauti sikuwa naye, nikamfanya mama. Nilimfundisha kwa robo saa: vaa hedifoni, tazama taa hii, ikiwa nyekundu punguza. Nikamweka mwisho wa shamba, mistari kumi na zaidi kutoka tulipokuwa, asije akaingia kwenye picha. Mama aliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea.

"Namsikia hata akimeza mate," akaniambia siku ya kwanza, amefurahi.

Cucu naye akafunguka. Vidole vikienda, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, maneno yakatoka. Alieleza jinsi kila mwanamke alivyopimiwa kipande chake kwa kijiti, na jinsi homgadi, vijana wa kwao waliopewa bunduki na mzungu, walivyopita juu ukingoni. Alieleza wimbo walioimba wakichimba, wa kumtukana mkubwa wa kambi naye akiupigia makofi kwa kutojua lugha. Akacheka hadi akashika mgongo. Siku tatu nilipiga picha kwa raha ambayo harusi haijawahi kunipa.

Hapa sharti nieleze jambo moja, ingawa mtu wa kwetu halihitaji. Kwetu mtoto hapewi jina la kubahatisha. Binti wa kwanza anamzaa mama wa baba, yaani anabeba jina lake, binti wa pili anamzaa mama wa mama, na kadhalika. Mama yangu, binti wa kwanza, amebeba jina la mama mkwe wa cucu. Mimi, binti wa pili wa mama, nimebeba jina la cucu mwenyewe. Kwa hiyo mimi si mjukuu tu kwake. Tangu nikiwa mdogo huniambia kwamba mimi ni yeye, na tunataniana mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele yake bila kuinamisha kichwa. Cucu na mjukuu ni rika moja. Mama na binti wana heshima katikati yao, na heshima hiyo ni ukuta.

Siku ya nne cucu alichuma mstari mzima. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayezungumza na nafsi yake, kwa Kiembu, nami naandika maneno yake hapa kwa Kiswahili:

"Nilikuwa na mtoto mgongoni wakati ule. Msichana."

Nikadhani anamzungumzia mama. Nikamwuliza kama mama alikuwa mkubwa kiasi gani.

"Si mama yako," akasema. "Wa kwanza."

Aliendelea kuchuma. Akaniambia kwamba mtoto alikuwa na joto siku mbili. Asubuhi ile yeye aliomba abaki naye kijijini, akakatazwa. Akamlaza ukingoni kwenye kivuli, akashuka na jembe. Mtoto alilia, kisha akaacha kulia, naye akafurahi kwamba amelala. Alipoomba kupanda amtazame, homgadi akamwambia amalize kipande kwanza. Akamaliza. Walimzika palepale upande wa msitu, yeye na wanawake wengine wawili, kabla ya filimbi ya kurudi.

"Mwaka uliofuata nikapata mama yako. Mama mkwe alikuwa hajapata mtu wa kumbeba, basi nikampa jina lilelile. Tukakubaliana na babu yako tusimwambie. Mtoto akijua amekalia kiti cha mwingine, hakai vizuri." Akanyoosha mkono akanishika kidevu, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai. "Wewe nakuambia kwa sababu wewe ni mimi. Mama yako usimwambie."

Nikamwambia, "Sitamwambia, cucu."

Nilikuwa nimesema kwa moyo wote. Nililia nyuma ya kamera nikiwa naangalia fremu kama iko sawa, maana ndivyo nilivyo. Baadaye kidogo tu ndipo nilipogeuka na kumwona mama kule mwisho wa shamba, amesimama na mashine mikononi, hedifoni masikioni, hajasogea hata hatua.

Nilikuwa nimemsahau kabisa. Mtu anayefanya kazi hii kila Jumamosi alisahau hedifoni ni za nini. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Nilipomfikia, alivua hedifoni akanipa. "Sauti iko sawa," akasema. "Kulikuwa na upepo kidogo mwishoni." Akaenda kumsaidia mama yake kubeba kikapu.

Miezi iliyofuata niliketi ofisini nikipanga filamu. Sijawahi kupiga kitu kizuri kama zile dakika sita, na sidhani nitapiga tena. Mchumaji hasimami, mikono haisimami, na uso unabadilika kidogo tu kwenye neno moja. Kila nilipoitazama nilijua filamu nzima iko hapo. Mama hakuligusa jambo lile. Alikuja mjini siku za soko, akaketi kwenye kiti cha wateja, akazungumza habari za ng'ombe. Mwishowe mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mama, hiyo sehemu ndiyo filamu yenyewe," nikamwambia. "Watu wataelewa mtaro ulikuwa nini."

"Alikuambia wewe," mama akajibu. "Hakuniambia mimi, na hakuwaambia watu wa kanisa. Itoe."

Tukagombana. Nilimwambia kwamba amefanana na ule wasifu wa matangani unaoruka kila kitu. Nilisema historia si mali ya mtu mmoja. Mengine niliyosema sitayarudia. Mama alinisikiliza hadi nikachoka, kisha akasema neno ambalo silisahau.

"Miaka yote hiyo akinitazama, mimi huwa najiuliza sasa, alikuwa anaona nani?"

Ana miaka zaidi ya sitini, mama yangu. Amelea watoto watano, ameongoza kina mama kanisani, amezika mume. Na alikuwa ameketi pale kwenye kiti changu cha plastiki akitaka kujua kama mama yake aliwahi kumpenda yeye, au alikuwa anampenda mwingine kwa kupitia kwake. Nikamwambia aende amwulize. Akasema hawezi. Cucu akijua kwamba alisikia, atajua pia kwamba mimi nilimwacha aseme binti yake akisikiliza, na hataniambia siri tena maisha yake yote. Alikuwa ananilinda mimi. Niliona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

Nikaitoa ile sehemu. Sikuitoa kwa moyo mkunjufu, niliitoa nikisonya. Nilipomaliza nikamwonyesha mama filamu yote, dakika ishirini na tisa, pamoja na majina ya mwisho: waliochuma, waliopika, walioimba, na yeye mwenyewe kwenye sauti. Alitazama majina yakipanda. Akaniomba niyarudishe.

"Andika jina langu tena," akasema. "Pale chini, peke yake. Usiweke maneno mengine."

Nikaandika.

Tulionyesha filamu Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa. Tulitundika mablanketi madirishani, vijana wakapanga viti, na mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa ukumbi, akapewa kipaza sauti. Cucu aliketi mbele na shali yake, mama kando yake. Watu walicheka kwenye wimbo wa kumtukana mkubwa wa kambi, na wazee wawili wakauimba kwa sauti. Mwisho wa filamu mablanketi yakashushwa, watu wakapiga makofi kwa muda mrefu, na kuna mama mmoja aliyesimama akasema naye alichimba, kipande chake kilikuwa karibu na mto. Katika maisha yake yote, akasema, hajawahi kuulizwa. Nilijisikia mtu.

Mwalimu akachukua kipaza sauti kunishukuru. Ni mtu mwema, lakini amesahihisha madaftari miaka arobaini na hajui kuacha.

"Kazi ni nzuri sana, very good work," akasema. "Lakini my daughter, kuna mistake kidogo hapo mwisho, urekebishe kabla haijaenda mbali. Hiyo jina ya mama yako umeiandika mara mbili."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na uongo tayari, kwamba ni kompyuta. Mama akasimama kabla yangu. Hakuenda kuchukua kipaza sauti. Alisema pale alipokuwa, kwa Kiembu, na ukumbi wote ukasikia.

"Si makosa, mwalimu. Tulikuwa wawili."

Akaketi. Mwalimu alitazama karatasi yake, kisha akatazama miguu yake. Wanawake wa rika la cucu waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, nami nikaelewa kwamba wao walijua siku zote. Cucu hakumgeukia mama. Hakunitazama mimi pia, jambo nililoliogopa zaidi. Alikaa akitazama ukuta ule mweupe tulioonyeshea filamu, ambao sasa haukuwa na kitu, mikono juu ya mapaja, vidole vikitembea kidogo kana kwamba viko kwenye chai. Nilisimama nyuma yao na waya mkononi, nisijue pa kuuweka.

Kisha akasema polepole, bila kugeuza kichwa, "Yule alikuwa mnene kukushinda. Wewe ulikuwa mwembamba, nikawa naamka usiku kusikiliza kama unapumua. Wewe nilikuogopea sana."

Mama akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha mama yake.

"Niambie," akasema. "Mnene namna gani?"