Mods zilizonifaa kwenye mchezo wa zamu, na ile ya njaa niliyoitoa kimya

Taabu yangu ilianza mwaka 1978, nikiwa na miaka kama tisa.

Wakuu wa humu, salamu kutoka Baraka, Fizi. École, shule, niliiacha mwaka wa tatu, kwa hiyo msinihesabie makosa ya kuandika. Hesabuni uongo, mkiuona. Hamtauona.

Nasema "kama tisa" kwa sababu sijui. Mama alisema nilizaliwa mwaka mvua ilibomoa kanisa. Mvua imebomoa makanisa mengi.

Baba alipokufa, wajomba waligawana vitu, mi nikaanza kubeba mihogo ya bantu wengine kutoka mashambani mpaka barabarani Mboko. Mzigo wa chakula kichwani, tumbo tupu. Hiyo njaa shikeni, mtaikuta tena mbele.

Nisiwachoshe. Nilibeba, nikauza, nikanunua mashine ya kusaga mihogo. Mashine hiyohiyo ikanivunja mguu, nikakaa nyumbani miezi minne. Ndani ya nyumba kulikuwa na kompyuta niliyoichukua kwa muntu aliyekuwa anahama, nikidhani batoto watasomea. Nikakuta mchezo ndani.

Ni mchezo wa zamu. Unaanza na kijiji kimoja, unalima, unajenga, unatuma askari. Ukimaliza unabonyeza, mwenzako naye anacheza zamu yake. Unaweza kufikiri siku mbili ukitaka. Ndiyo maana niliupenda. Ile ya kupiga risasi ni ya bantu wenye haraka ya kufa.

Mguu ulipopona nikaenda kuchaji simu kambi ya wakimbizi ya Lusenda kwa Mzee Silivesta, Mrundi, mkulima, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu na kujaza nyimbo kwenye memory card. Nikamkuta anacheza mchezo uleule.

Nikasimama nyuma yake, nikamwambia, "Huo ukuta unaujenga mahali pabaya."

Hakugeuka. "Na we umesimama mahali pabaya. Unanizibia mwanga."

Urafiki ukaanza hapo.

Tulicheza kwa clé, nyinyi mnaita flash. Nikimaliza turn, zamu yangu, naweka save, yaani mchezo ulipofikia, kwenye clé, nampa Bahati, mwenye pikipiki anayepita Lusenda. Kesho yake clé inarudi na turn ya Silivesta. Game moja, zaidi ya mwaka.

Dau halikuwa pesa. Yeye pia hajui mwaka wake wa kuzaliwa, na kila mmoja wetu alidai ni mkubwa. Kwetu hilo si jambo dogo. Mkubwa anaitwa yaya, anasalimiwa wa kwanza, samaki akiwa mezani kichwa ni chake. Tukapatana: atakayeshinda ndiye yaya mpaka kufa, hakuna kubishana tena.

Sasa mods, vile viongezo vya kubadilisha mchezo.

Ya kukuza herufi, weka hiyo kabla ya kitu chochote kama una umri wangu. Wiki tatu nilijua nina farasi themanini, kumbe ni thelathini.

Halafu iko moja inaondoa maonyesho ya vita, ile ya askari kurushiana mikuki taratibu kama wako kwenye ngoma. Kama unatumia umeme wa jua, hiyo ngoma inakula batri. Nilipoiweka, turn ya saa nzima ikawa dakika ishirini.

Nyingine inakuonyesha kijiji gani hakina kazi na askari gani hajasogea. Ni ya wasahaulifu. Sioni haya.

Na ya njaa. Hii Silivesta aliidai tangu siku ya kwanza. Bila hiyo askari wanazunguka dunia nzima bila kula. Ukiiweka, kila askari anakula nafaka, na akienda mbali na ghala anadhoofika mpaka anakufa. Nilimcheka. "We unataka kulima hata kwenye vita."

Akanijibu, "Ulishaona jeshi linakula upepo? Mi nimeona linakula mbuzi zangu."

Tukaiweka.

Maelezo ya mods ni Kiingereza au Kifaransa. Mke wangu, Mama Furaha, alifika shule ya secondaire, ndiye hunisomea. Kumbukeni hilo pia.

Basi Silivesta akajiandikisha kurudi Burundi. Akapewa siku ya msafara: baada ya wiki tatu. Jeshi langu lilikuwa kubwa kuliko lake, lakini mji wake mkuu uko ng'ambo ya milima. Kwa mwendo wa clé tusingemaliza. Angepanda lori, na yaya asijulikane.

Hapo nikafanya ujinga. Nikapakua mods saba kwa mpigo, za kuharakisha kila kitu, bila kumngoja Mama Furaha atoke sokoni. Mchezo ukakataa kufunguka. Nikatoa moja moja mpaka ukakubali: ile ya njaa ndiyo ilikuwa inagombana na zingine. Nikaiacha nje. Nikasukuma jeshi lote kuvuka milima, likatembea kama limetoka harusini. Clé nikampa Bahati. Silivesta sikumwambia kitu.

Wakuu, siku ile sikuita wizi. Niliita ufundi.

Mama Furaha akarudi, akaweka kikapu chini, akasoma. "Papa Furaha, hapa wameandika usibadilishe mods katikati ya game, save itaharibika."

"Wameandika wapi?"

"Mstari wa kwanza."

Kesho yake Silivesta akapiga simu. Mashine yake inakataa save yangu. Nikamwambia labda clé imelowa. Nikarudisha mods za zamani haraka, na kwangu pia save ikakataa. Copy sikuwa nayo, kila turn nilikuwa naandika juu ya save ileile. Zaidi ya mwaka, umepotea kwa asubuhi moja.

Nikatia kompyuta kwenye mfuko wa unga, nikapanda nyuma ya Bahati. Silivesta nilimkuta anafunga vitu. Akafungua kompyuta yangu, akakuta ile save, na ndani yake orodha ya mods zangu saba. Akaipitia kwa kidole mpaka chini.

"Njaa umeiweka wapi?"

"Iligombana na zingine."

"Kwa hiyo jeshi lako limevuka milima bila chakula."

"Limevuka."

"Na ulikuwa uniambie lini? Ukishaniita mudogo wako?"

Mke wake aliacha kufunga godoro ili asikie vizuri. Mi nikasema nimekosa. Neno hilo silisemi mara nyingi, ulizeni Baraka nzima.

Silivesta akatoa memory card iliyofungwa kwenye plastiki. Kila save tangu turn ya kwanza iko ndani. "Muntu amekimbia mara tatu anaweka copy," akasema. Akafungua ile ya kabla ya ujinga wangu, njaa ikiwa ndani. "Keti. Cheza mbele yangu."

Tulicheza siku nne kwenye mashine yake. Ningeweza kujenga maghala njiani, turn kumi hivi, na nafasi nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimeshaliona jeshi langu likivuka ile milima. Kichwani nilijua linaweza. Nikalisukuma.

Turn ya sita ng'ambo ya pili, askari wangu wakaanza kufa. Silivesta hakurusha hata mshale. Alifunga milango ya mji akangoja, huku ananimenyea karanga.

"Kula we," akasema. "Wenzako hawana."

Mi, niliyebeba mihogo ya bantu na tumbo tupu, nikasahau ghala. Aliyekumbuka ni mkulima.

Siku ya msafara nilifika na samaki mkubwa wa kuchoma. Nikamkatia kichwa, nikampa kwa mikono miwili mbele ya foleni yote. "Yaya, safari njema."

Akamwonyesha mke wake kwa kidole. "Sema tena. Mama hakusikia."

Nikasema tena. Na sikuumia kama nilivyodhani. Mtu niliyebishana naye zaidi ya mwaka, afadhali aondoke akiwa ndugu.

Nilichotoa hapo: mods weka kabla ya kuanza game, si katikati. Mwenzako awe na zilezile. Weka copy ya save, siku hizi nina mod inayohifadhi kumi za mwisho. Usiyeweza kusoma, ngoja anayeweza. Na mod inayokubana ndiyo inaupa mchezo ladha. Ukiitoa kimya, ushindi wake utakudanganya hata baada ya kuirudisha.

Wenye mods nzuri za biashara na bandari, wekeni hapa, na mseme kama zinapatana na ya njaa. Wa kunicheka pia karibuni, nina ngozi ngumu.

Leo nina mashine mbili za kusaga mihogo, moja Baraka, moja Mboko. Nyumba ya matofali ya kuchoma. Shamba la mihogo na michikichi. Pano nne za umeme wa jua. Mbuzi kumi na moja. Kompyuta ileile, herufi kubwa. Batoto sita, wote wanasoma kunishinda.

Na yaya mmoja, iko Burundi. Tumeanza game mpya, save zinapita kwa simu. Turn yake imefika jana. Mi nimeanza na ghala.